UCHAMBUZI: Tofali likifaulu maabarani pekee, mkazi wa Ganda hajafaidika

ANAYETOKA mjini Malindi na kuelekea bara kupitia wadi ya Ganda huona historia ya ujenzi wa Pwani katika mwendo mfupi. Nyumba ya mawe ya matumbawe yaliyochongwa timboni husimama mkabala na ya fito, iliyokandikwa udongo na kuezekwa makuti. Hapa na pale tofali la saruji limechukua nafasi ya zote mbili, kwa aliyejaliwa uwezo.

Kwa miaka mingi watafiti na maafisa wa serikali wamekuwa wakimpigia debe mgombea wa nne. Huyu ni tofali la udongo wa papo hapo, lililochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine badala ya kuchomwa tanurini. Ahadi yake ni kubwa. Halihitaji kuni, halihitaji lori la kulitoa mbali, na mwanakijiji anaweza kulifyatua uani mwake.

Hata hivyo, ahadi hiyo imebebwa na nambari. Mtafiti huandika kwamba mchanganyiko wa namna fulani, baada ya siku 28, ulihimili mkandamizo wa kiwango fulani. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni iwapo mtu mwingine, katika maabara nyingine, akifuata maelezo yale yale, atapata nambari ile ile.

Iwapo jibu ni la, basi kilichoandikwa hakijawa maarifa. Kitakuwa ni habari ya jambo lililotokea mara moja, mahali pamoja, mikononi mwa mtu mmoja. Na mkazi wa Ganda anayetaka kujenga hawezi kulaza watoto wake chini ya ukuta wa aina hiyo.

Ugonjwa wa dunia nzima

Ni kosa kudhani kwamba udhaifu huu ni wa vyuo vya Afrika pekee. Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kura ya maoni iliyowahoji watafiti 1,576 wa fani mbalimbali. Zaidi ya asilimia 70 walikiri kwamba waliwahi kujaribu kurudia jaribio la mwenzao wakashindwa. Zaidi ya nusu walisema walishindwa kurudia hata majaribio yao wenyewe.

Sayansi ya maada, yaani taaluma inayochunguza vitu kama saruji, chuma, kioo, udongo na plastiki, haijasalimika. Julai 2023 wanasayansi wa Korea Kusini walitangaza kwamba wamepata kitu walichokiita LK-99, ambacho kingepitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida la chumbani. Lau ingekuwa kweli, nyaya za umeme, mashine za hospitali na usafiri wa treni vingebadilika kabisa.

Maabara za nchi nyingi zilijitosa kurudia jaribio hilo, nyingine zikitangaza matokeo yao hadharani siku baada ya siku. Katika muda wa mwezi mmoja hivi fumbo lilikuwa limefumbuliwa. Sampuli za awali zilikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, kemikali ambayo ukinzani wake hubadilika ghafla inapofikia joto la takriban nyuzi 104. Wataalamu wa Taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart, Ujerumani, walipotengeneza fuwele safi zisizo na uchafu huo, walikuta kwamba kitu chenyewe kinazuia umeme badala ya kuupitisha.

Kisa hicho kina pande mbili. Upande mmoja ni aibu ya tangazo lililotolewa mapema. Upande wa pili ni sifa kwa sayansi, kwani kosa lilifichuliwa upesi kwa sababu maelezo ya utengenezaji yalikuwa wazi na wengi walikuwa na hamu ya kuyajaribu. Tofali la udongo halina bahati hiyo. Hakuna maabara ya Stuttgart inayokesha kulihakiki.

Mfano mwingine unatisha zaidi kwa sababu hauna udanganyifu wala pupa ndani yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, maabara 61 zilipewa data zile zile za vipimo vya maada zenye vitundu vidogo mno, aina inayotumiwa kunasa gesi. Ziliombwa kukokotoa ukubwa wa uso wa ndani wa maada hizo. Majibu yalitofautiana kwa kiasi kikubwa. Hakuna aliyepima tena chochote. Tofauti zote zilitokana na jinsi kila mmoja alivyoamua kupiga hesabu.

Nyumbani na ugenini

Wataalamu wa vipimo hutofautisha mambo mawili ambayo mashabiki wa kandanda watayaelewa mara moja. Kuna kurudia jaribio nyumbani, ambapo mtu yule yule, kwa chombo kile kile na katika maabara ile ile, hupima tena na kupata jibu linalokaribiana na la kwanza. Na kuna kurudia ugenini, ambapo mtu mwingine, mahali pengine na kwa chombo kingine, hufika kwenye jibu hilo hilo.

Timu inayoshinda nyumbani pekee haitwai kombe. Vivyo hivyo, utafiti mwingi wa vifaa vya ujenzi hushinda nyumbani na hauchezi ugenini kamwe. Mwanafunzi wa uzamili hufyatua matofali kadhaa, huyavunja kwa mashine ya chuo, huandika wastani, hutunukiwa shahada, na tasnifu huwekwa kwenye rafu. Anayemfuata hushauriwa atafute mada mpya, kwa kuwa kurudia kazi ya mwenzake huonekana kuwa uvivu.

Katika matofali ya udongo, safari ya ugenini ni ngumu kuliko kwingineko kwa sababu malighafi yenyewe haifanani. Ukanda wa Malindi unatosha kulithibitisha hilo. Karibu na bahari kuna mwamba wa matumbawe ya kale. Ukirudi nyuma kuelekea bara unakutana na mchanga mwekundu wa Magarini, ule ambao mmomonyoko umeuchonga likawa korongo mashuhuri la Marafa. Kandokando ya mto Sabaki kuna tope lililoletwa na maji kutoka bara kwa karne nyingi, na mbele zaidi udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Kwa hivyo ripoti inayosema tu kwamba "udongo mwekundu wa Pwani" ulichanganywa na saruji haijasema lolote. Kiasi cha mchanga na kiasi cha mfinyanzi katika udongo huo ndicho kinachoamua iwapo tofali litashikamana au litafanya nyufa. Mashamba mawili yanayopakana yanaweza kutoa udongo wenye tabia mbili, na hata shimo moja hubadilika kadiri jembe linavyoshuka.

Nambari inavyopotea njiani

Udongo ukishajulikana, bado kuna vizingiti vingine, na vingi havionekani katika ripoti.

Cha kwanza ni muda. Saruji huanza kuganda mara inapokutana na maji. Fundi anayechanganya rundo kubwa asubuhi na kulifyatua hadi adhuhuri hufyatua matofali ya mwisho kwa saruji iliyokwisha kuanza kufa. Mtafiti anayechanganya kiasi cha tofali moja moja hakumbani na tatizo hilo, wala haoni haja ya kuandika kwamba alitumia dakika ngapi.

Cha pili ni unyevu wa tofali linapovunjwa. Tofali la udongo lililokauka huonekana shujaa, lakini likiloweshwa nguvu zake zinaweza kushuka hadi karibu nusu. Ripoti moja ikipima makavu na nyingine mabichi, hazizungumzii kitu kimoja ijapokuwa zote zinatumia neno "nguvu". Kwa nyumba ya Ganda itakayopigwa na mvua ya mwaka, kipimo cha tofali lililolowa ndicho chenye maana. Wakazi wengi wa Pwani bado wanakumbuka mafuriko yaliyoletwa na mvua za El Nino mwishoni mwa 2023.

Cha tatu ni umbo. Tofali fupi na pana, likibanwa kati ya sahani mbili za chuma, huzuiwa na msuguano wa sahani hizo lisitanuke, na hivyo hutoa nambari kubwa kuliko uwezo wake halisi. Tofali refu la udongo ule ule hutoa nambari ndogo. Asiyeeleza vipimo vya tofali lake na marekebisho aliyofanya huwapotosha wasomaji bila kukusudia.

Cha nne ni hali ya hewa. Kiwango cha Ulaya ambacho maabara nyingi hufuata katika kupima zege huagiza kwamba sampuli zikomazwe katika maji ya nyuzi 20, zisizidi wala kupungua kwa zaidi ya nyuzi 2. Wakati wa kaskazi, joto la mchana katika Pwani ya Kenya hufika nyuzi 30 na zaidi. Zege linalokomaa katika joto kali hupata nguvu haraka siku za mwanzo, lakini mara nyingi huishia na nguvu pungufu baadaye. Kwa sababu hiyo, sampuli ya wiki moja iliyotiwa kwenye pipa la maji juani inaweza kuleta furaha isiyodumu.

Vizingiti vyote vinne havina uhusiano na udanganyifu. Ni mambo ambayo mtafiti mwaminifu huyaacha kwa kudhani kwamba kila mtu anayajua. Hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo. Kisichoandikwa hakisafiri.

Siri ya mfuko wa saruji

Wapo watakaosema kwamba vifaa vya ujenzi vina tabia zisizotabirika na kwamba kutaka matokeo yafanane ni kutaka yasiyowezekana. Jibu lao limechapishwa kwenye kila mfuko wa saruji unaouzwa dukani.

Nambari 32.5 au 42.5 iliyo kwenye mfuko huo ni kiwango cha chini cha nguvu, kwa megapaskali, ambacho saruji hiyo inapaswa kufikia baada ya siku 28. Njia ya kuipata imeelezwa hadi gramu ya mwisho: gramu 450 za saruji, gramu 1,350 za mchanga na gramu 225 za maji. Mchanga wenyewe si wa mto wowote uliopo karibu. Ni mchanga maalumu wa rejea, wenye chembe za ukubwa uliopangwa, unaotengenezwa ili maabara ya Mombasa na ya Ulaya ziwe zinapima saruji na si tofauti za michanga yao.

Hata kwa kiwango hicho, hakuna anayeaminiwa kwa maneno matupu. Maabara inayotaka ithibati ya kimataifa hulazimika kushiriki katika mazoezi ambapo sampuli moja hugawanywa kwa wengi na majibu kulinganishwa. Mnamo 2012 na 2013 taasisi ya Ujerumani ijulikanayo kama BAM iliongoza zoezi la namna hiyo kwa maabara za saruji za nchi nyingi za Afrika, ili kila moja ijue imesimama wapi ikilinganishwa na wenzake. Kushindwa katika zoezi kama hilo si fedheha, kwani ndiyo njia nafuu kuliko zote ya kugundua kwamba mizani imepotoka.

Kwa maneno mengine, usawa wa matokeo ya saruji haukushuka kutoka mbinguni. Ulijengwa na watu waliokubaliana kuandika kila kitu na kukaguana. Tofali la udongo bado halijapata malezi hayo, ingawa kiwango cha Kenya kuhusu matofali hayo, KS 02-1070, kimekuwapo tangu 1993. Kiwango hueleza tofali linapaswa kufikia nini. Hakiwezi kumlazimisha mtafiti aseme alichimba udongo wake wapi na ni matofali mangapi yaliyovunjika kabla hajaanza kuhesabu.

Hekima ya sanduku la mbao

Kuna ubishi mmoja usioweza kupuuzwa. Mchanga wa rejea unawezekana kwa saruji, lakini hakuna udongo wa rejea atakaoutumia mkazi wa Ganda. Yeye atachimba uliopo shambani kwake. Itafaa nini basi kuhangaikia kurudia matokeo ya udongo wa Nyeri au Kisumu?

Jibu liko katika kifaa duni kuliko vyote vinavyotumiwa na mafundi wa matofali haya. Ni sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4. Udongo uliolowanishwa hujazwa humo na kuachwa ukauke kwa siku kadhaa. Kisha hupimwa umenywea kwa kiasi gani.

Ukinywea chini ya milimita 15, mwongozo unaotumiwa na mafundi huelekeza sehemu moja ya saruji kwa sehemu 18 za udongo. Ukinywea kati ya milimita 15 na 30, uwiano huwa moja kwa 16. Kati ya 30 na 45 huwa moja kwa 14, na kati ya 45 na 60 huwa moja kwa 12. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hunywea zaidi, hivyo hudai saruji zaidi.

Hapa pana somo kwa kila mtafiti. Kinachorudiwa na kila fundi, popote alipo, si uwiano mmoja wa saruji bali ni njia ya kuupata. Utafiti unaofaa kwa nchi yenye udongo wa kila namna hautoi nambari moja na kuondoka. Hutoa nambari pamoja na kipimo rahisi kitakachomwonyesha fundi lini nambari hiyo inamhusu na lini haimhusu. Huo ndio urudiaji wenye manufaa, na ndio unaopungua katika tasnifu nyingi.

Mashine ya kwanza iliyopata umaarufu duniani kwa kazi hii, CINVA-Ram, ilibuniwa nchini Colombia katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez. Ilienea katika mabara kadhaa kwa sababu ilikuwa rahisi kutumia na kanuni yake ilielezeka. Teknolojia ikieleweka vyema husafiri. Ikibaki kichwani mwa aliyeibuni, huzikwa naye.

Jambo hili litazidi kuwa na uzito kadiri vifaa vipya vinavyoingia sokoni. Saruji ya chokaa na mfinyanzi uliochomwa, ifahamikayo kama LC3, iliendelezwa na watafiti wa Uswisi, Cuba na India, na imeanza kuchunguzwa pia na Wakenya kama Joseph Mwiti Marangu, aliyechapisha matokeo yake kuhusu mfinyanzi wa humu nchini mwaka 2020. Saruji hiyo inaweza kupunguza klinka, ile sehemu ghali na yenye kutoa moshi mwingi, hadi nusu ya mchanganyiko. Lakini mfinyanzi lazima uwe wa aina inayofaa na uchomwe katika joto linalofaa, kwa kawaida kati ya nyuzi 700 na 850. Ukosefu wa maelezo kamili katika hatua hii utazaa mifuko isiyofanana.

Mwalimu yuko jirani

Kinachoshangaza ni kwamba Kaunti ya Kilifi haihitaji kwenda Ulaya kujifunza jinsi matokeo ya utafiti yanavyofanywa yaaminike. Mjini Kilifi, safari isiyozidi saa mbili kutoka Ganda, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989.

Kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Watoto 15,459 walishiriki. Vituo vyote vilifuata mwongozo mmoja ulioandikwa kabla ya mtoto wa kwanza kuchanjwa. Ulieleza nani atahesabiwa kuwa mgonjwa, damu itapimwaje, na hesabu itapigwaje mwishoni. Hakuna kituo kilichoruhusiwa kubadilisha malengo baada ya kuona majibu. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, uamuzi wake ulitegemea ushahidi uliokusanywa mbali na nyumbani kwa mtu mmoja.

Kwa nini nidhamu iliyotumiwa kupima sindano isitumiwe kupima ukuta? Tofauti iliyopo ni ya mazoea na ya fedha. Chanjo isiyohakikiwa hairuhusiwi kumfikia mtoto. Tofali lisilohakikiwa humfikia mtoto yule yule likiwa limekaa juu ya kichwa chake anapolala.

Ni haki kukiri kwamba majengo mengi yaliyoporomoka humu nchini hayakuangushwa na makosa ya watafiti. Jengo la Huruma jijini Nairobi lililoanguka Aprili 29, 2016 na kuua watu zaidi ya 40 lilikuwa kando ya mto na halikuwa na idhini. Ulafi, ukaguzi hafifu na vifaa vya kughushi vina sehemu kubwa zaidi ya lawama. Hata hivyo, mkaguzi anayetaka kumzuia mwenye jengo huhitaji nambari isiyopingika mahakamani. Nambari inayobadilika kila inapopimwa na mtu mwingine humnyang'anya mkaguzi silaha na kumpa mlafi utetezi.

Nani atagharimia?

Wakati wa kulishughulikia suala hili ni sasa. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 1, 2025, zilichukua nafasi ya zile za 1968. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 iliweka tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa mfanyakazi, huku mwajiri akitakiwa kutoa kiasi kama hicho. Pesa za umma zinapomiminwa katika ujenzi, umma una haki ya kudai kwamba vifaa vinavyopendekezwa viwe vimepimwa na zaidi ya mtu mmoja.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na ikataja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa kiasi cha kuitengea kila mwaka. Bajeti haijawahi kukaribia lengo hilo. Fauka ya hayo, hata pesa zinazopatikana huvutwa na mada mpya. Mtafiti hupandishwa cheo kwa kuchapisha jambo jipya, si kwa kuthibitisha kwamba jambo la zamani ni kweli. Majarida nayo hupendelea ushindi. Matofali yaliyopasuka hayana msimulizi.

Kubadilisha hali hii hakuhitaji mabilioni. Hatua ya kwanza ni karatasi moja. Chuo chochote kinachofundisha uhandisi wa ujenzi kinaweza kuamuru kwamba hakuna tasnifu ya matofali itakayopitishwa bila kueleza mahali na kina udongo ulipochimbwa, mgawanyo wa chembe zake, kiasi cha maji, muda kati ya kuchanganya na kufyatua, nguvu ya mashine, siku na njia ya kukomaza, na iwapo tofali lilivunjwa likiwa kavu au limelowa. Idadi ya matofali yaliyofeli nayo iandikwe pamoja na kipimo cha kila tofali, badala ya wastani pekee.

Hatua ya pili ni kubadilishana magunia. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Chuo Kikuu cha JKUAT kilichoko Juja, Chuo Kikuu cha Nairobi na maabara ya vifaa ya serikali zinaweza kugawana gunia moja la udongo na mfuko mmoja wa saruji, kila moja ifyatue na kuvunja matofali yake, kisha majibu yawekwe mezani. Gharama yake haitazidi nauli ya lori na muda wa wahadhiri. Tanzania, yenye Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ingekuwa mshirika wa asili, kwa kuwa nayo imeyaeneza matofali ya kufungamana.

Hatua ya tatu ni kutenga sehemu ya ruzuku kwa ajili ya kurudia. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayechukua tasnifu ya zamani na kuijaribu kwa udongo wa kijiji chake hujifunza nidhamu ya vipimo kuliko anayelazimishwa kuvumbua kitu cha ajabu. Akifaulu, nchi imepata uthibitisho. Akishindwa na kueleza sababu, nchi imeepushwa na hasara.

Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi. Matokeo yaandikwe kwa lugha anayoielewa fundi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Nyumba ilianzisha vituo vya mafunzo ya teknolojia nafuu za ujenzi sehemu mbalimbali za nchi. Vituo vya namna hiyo vingeweza kuwa daraja, iwapo vingewafunza mafundi si jinsi ya kuvuta mkono wa mashine pekee, bali pia jinsi ya kupima udongo kwa sanduku na kurudisha majibu yao vyuoni. Fundi mia moja wakirudisha vipimo vya udongo wa vijiji vyao, ramani itakayopatikana haitalinganishwa na kazi ya mtafiti mmoja.

Kuta za Gede

Si mbali na Ganda, katika msitu ulio kusini mwa Malindi, magofu ya Gede bado yamesimama. Wenyeji waliuhama mji huo katika karne ya 17. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Mafundi waliozijenga hawakuacha ripoti wala jedwali. Walichokuwa nacho ni utaratibu wa mwanagenzi kusimama kando ya mwalimu wake, kuiga, kukosea, kurekebishwa na kurudia hadi mkono wake utoe chokaa ile ile.

Ulimwengu wa leo umevunja utaratibu huo. Anayebuni kifaa yuko Juja au Lausanne, anayekitumia yuko Ganda, na hawataonana maishani. Kati yao kuna karatasi tu. Karatasi hiyo ikiwa na mapengo, hakuna mwalimu wa kusimama kando na kusema, "Ongeza maji kidogo."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika utafiti wa vifaa vya ujenzi, ufa ni zile dakika ambazo hazikuandikwa, yale matofali yaliyovunjika yakatupwa nje ya hesabu, na lile shimo la udongo lisilotajwa. Kuuziba kunagharimu kalamu na uaminifu. Kujenga ukuta upya kutamgharimu mtu wa Ganda akiba ya miaka yake, ikiwa atabahatika kuwa nje siku ukuta huo utakapoanguka.